Kamba Nisiyoruhusiwa Kuishika

Ujumbe uliingia mke wangu akipepeta mchele uani, na mimi nikiwa ndani najifanya naandika. Nilisikia ungo ukianguka. Nilipotoka nilimkuta amesimama katikati ya mchele uliomwagika, simu kaishika kwa mikono miwili, anaruka palepale kama mtoto aliyekanyaga mchanga wa moto.

"Wamenichukua," alisema. "Hospitali ile ya Uskoti. Wamenichukua, wewe!"

Majirani zetu wa Bariadi hawangoji kualikwa. Kabla sijamaliza kumkumbatia, mama wa nyumba ya pili alishapiga vigelegele bila kujua anashangilia nini, na kuku walishaanza kula chakula chetu cha mchana. Hatukuwafukuza.

Mke wangu ni muuguzi. Kwa muda mrefu alikuwa akitoka zamu anatia miguu kwenye beseni la maji ya moto na kufungua kitabu cha mtihani wa Kiingereza, anasoma huku kichwa kikimwangukia kifuani. Mimi ni mwandishi wa riwaya, kazi ambayo kwetu mtu akiisikia hukupa pole. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba safari ilikuja kwa mkono wake na si kwa mkono wangu.

Siku zile za mwanzo tuliishi kwa maswali, na kila swali lilikuwa tamu. Nyumba kule hulipiwa kwa mwezi, au mwenye nyumba hutaka kodi ya nusu mwaka mkononi kama huku? Makoti ya baridi tuyanunue kwenye mitumba ya hapa, ambako hakuna anayeyataka na bei yake ni ya kutupa, au tungoje tufike? Akaunti ya benki tuifunge au tuiache? Mama yangu, ambaye kila mwisho wa mwezi tunamtumia kitu kwenye simu, atatumiwa kwa njia gani? Kulikuwa na kipimo cha kifua cha kufuata Dar es Salaam, ada ya viza, chanjo, vyeti vya kugongwa mihuri. Kulikuwa pia na uzito wa mabegi, na hapo ndipo tulipogombana kwa furaha kuliko mahali pengine pote. Mimi nilitaka vitabu, yeye alitaka unga wa dona na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Vitabu haviliwi," aliniambia.

"Na michembe haisomwi."

"Utaisoma ukishikwa na njaa."

Fundo lilikuwa moja, na lilikuwa mimi. Hospitali ingemlipia yeye viza, ingemrudishia nauli, ingempa chumba cha kuanzia. Mume anakwenda kwa gharama zake. Zaidi ya hapo, watu wa viza walitaka kuona pesa benki, zimekaa mwezi mzima hazijaguswa, ndipo waamini kwamba sitakuwa mzigo kwao. Zikikosekana, yeye angetangulia na mimi ningefuata.

Neno hilo la kufuata tulilijua. Wodini kwake kuna dada mmoja ambaye mumewe alitangulia ng'ambo, yeye akabaki ili afuate. Mtoto wao sasa anasoma shule, na anamjua baba yake kama sauti inayotoka kwenye simu Jumapili. Ndiyo maana tulikubaliana mapema: tunakwenda wote, au mke wangu anawaomba wamngojee. Na wao walisema watamngojea hadi kiangazi kiishe, si zaidi.

Tukauza. Pikipiki ikaondoka, friji ikafuata, kisha cherehani na kitanda cha wageni. Sebule ikabaki na mwangwi. Wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi kule Mwanza walichanga walichokuwa nacho, wakaongeza na ushauri usioombwa: "Ukifika usiandike habari za theluji. Kila mtu anaandika habari za theluji." Niliwashukuru kwa vyote viwili. Bado pengo lilikuwa kubwa, na kiangazi hakingoji mtu.

Tulikwenda Nkololo kuwaaga wazazi wa mke wangu tukiwa na pengo hilo moyoni. Kabla hatujapanda gari nilimwonya: pesa zisitajwe. Mkwe haendi ukweni kuomba. Akaitikia kwa kichwa, akatazama dirishani.

Baba mkwe tulimkuta uani anakaza nati za plau.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia.

"Mwangaluka. Karibuni, karibuni."

Alisikiliza habari yote bila kukatiza, kitambaa chenye mafuta kikizunguka vidoleni mwake. Kisha akaanza kuniuliza taratibu, kama hakimu.

"Kwa hiyo kazi ni ya binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na nyumba atapewa binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe unamfuata nyuma na mabegi."

"Ndiyo... baba."

"Kumbe wewe ndiye unayeolewa! Sasa ng'ombe nilikula mimi kwa nini?"

Dada yake, shangazi wa mke wangu, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Nilicheka nami, maana ukweni ukitaniwa namna hiyo ujue umepokewa. Lakini mzee hakuishia kwenye utani. Akamgeukia binti yake. "Nauli ya huyu bwana harusi mmeipata?"

Mke wangu anaweza kunificha mimi mambo, baba yake hawezi kumficha. Akasema yote. Mzee akarudi kwenye plau yake, na jioni ile hakulitaja tena jambo hilo.

Asubuhi aliniita zizini. Alikuwa amewafunga kamba ng'ombe wawili wanene, mwekundu mwenye baka jeupe usoni na mwingine wa kijivu. "Wapelekeni mnadani," alisema. "Sitaki mwanangu akae peke yake kwa watu asiowajua." Nilimshukuru, "Wabeja, baba, wabeja sana," nikanyoosha mkono nikapokea kamba.

"Acha kamba!"

Shangazi alikuwa anakuja kutoka jikoni, mwiko mkononi, bado una uji. "Acha kamba hiyo, wewe!"

Niliiachia kama imeshika moto.

"Ng'ombe watoke kwa baba mkwe waingie mkononi mwa mkwe? Mchana kweupe? Kama mnamwacha mtoto wetu semeni, tujue!"

Kwetu ng'ombe wa ndoa huenda upande mmoja tu, kutoka kwa kina mume kwenda kwa kina mke. Wakionekana wanarudi kwa njia ileile, hakuna anayeuliza kimetokea nini. Ndoa imekufa, binti yuko kwao. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo, na mzee analijua kuliko mimi. Furaha ilikuwa imetupumbaza wote wawili.

"Tena huyu mwekundu," shangazi aliendelea, akimwelekezea mwiko, "mama yake si yule wa mahari, aliyeletwa na baba wa huyu mkwe?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Dada, nilisahau."

"Umesahau! Wewe uliyebishana kutwa nzima kwamba pembe yake imevunjika!"

Nikaiona safari inazama pale, kwenye samadi, mbele ya macho yangu. Ningepanda ndege gani kwa nauli ambayo kila jirani angesema ni ya talaka? Mke wangu alikuwa amesimama nje ya zizi. Akakiteremsha kitenge mabegani, akakifunga kiunoni, akaingia.

"Shangazi, mimi ni mtoto wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Mtoto wa kaka yako akipewa kitu na baba yake, ndoa yake inavunjika?"

Shangazi akafikiri. Mwiko ukadondosha uji. "Haivunjiki," alisema hatimaye. "Lakini huyu asiguse kamba. Wala pesa asizipokee yeye. Na wasiwe ng'ombe wa ukoo wa mahari."

Hapo ndipo tulipogundua jinsi mahari yangu yalivyozaa vizuri. Shangazi alipita katikati ya zizi akitaja nasaba kama mtu anayewatambulisha wageni kwenye sherehe. "Huyu mjukuu. Huyu mtoto. Huyu ndiye bibi yao. Huyo wa kijivu unayemng'ang'ania, kaka, ni mwanawe pia, pacha wa yule aliyekufa." Kila aliyekuwa mnene alikuwa wa ukoo. Tulibaki na vindama visivyoweza kununua hata tiketi ya kufika Mwanza, na pembeni kabisa, maksai wawili weusi wakitafuna bila haraka.

"Hao?" aliuliza mke wangu.

"Hao ni wa pamba," alisema shangazi, na sauti yake ikashuka.

Walikuwa wamenunuliwa kwa mavuno ya pamba, tena ndio waliovuta plau ile tuliyoikuta uani. Mzee akawaendea, akawapapasa shingo mmoja baada ya mwingine. "Mvua bado ziko mbali," alisema. "Hawa wadogo watajifunza."

"Baba, mshahara wangu wa kwanza ni wa maksai," mke wangu alisema.

"Mshahara wako wa kwanza nunua koti. Nasikia huko watu wanaganda."

Siku ya mnada nilitembea upande wa pili wa barabara, mikono nyuma, kama mtu asiyewajua. Mke wangu alishika kamba ya mbele, mzee akiswaga nyuma. Shangazi alitangulia kwa bodaboda ili asikose kitu. Mlangoni mwa mnada maksai mmoja alikita miguu akagoma kabisa, mke wangu akawa anavuta, jasho linamtiririka, viatu vinateleza. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Mchuuzi mmoja mwenye fimbo ndefu akaniona.

"Wewe kijana wa shati la mistari! Mwenzio anaburuzwa na ng'ombe, wewe umesimama kama afisa?"

"Siruhusiwi kugusa," nilisema.

"Huruhusiwi na nani?"

"Na shangazi."

Wachuuzi wote wa upande ule walicheka. "Shangazi mwenyewe yuko wapi?" Nikaonyesha kwa kidevu. Alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba, haangalii ng'ombe, anaangalia mikono yangu. Mchuuzi akamtazama kidogo, kicheko kikamkatika. "Basi usiguse, ndugu yangu. Kaa hivyo hivyo."

Walipoona muuzaji ni mwanamke walimtajia bei ya dharau. Akawageuzia Kisukuma. "Unanunua nyama au unanunua mlimaji?" alimuuliza wa kwanza. "Kama ni nyama nenda bucha. Hawa wanajua mtaro kuliko wewe." Mzee alikuwa kando, anajizuia kutabasamu. Bei ilipanda, ikasita, ikapanda tena, hadi akanyoosha mkono wakakubaliana. Nilitamani kumbeba. Nilibaki nilipo.

Tulikwenda benki tukiwa na risiti ya ushuru na kibali cha mtendaji wa kijiji, maana ubalozini wangetaka kujua pesa nyingi hivyo zimedondoka kutoka wapi kwa mpigo. Mke wangu ndiye aliyezisukuma dirishani, kwenye akaunti yake. Shangazi alikataa kuondoka hadi aione karatasi.

"Zimeingia?"

"Zimeingia, shangazi."

Akanigeukia. "Haya, mkwe. Pumua."

Mwezi uliofuata tulikuwa watu wenye pesa wasio na pesa. Tulikula michembe kwa chai, tukapita mbele ya benki polepole kama watu wanaopita karibu na chumba alimolala mtoto. Jioni tulitazama kwenye simu picha za mji ule, bahari yake ya kijivu, nyumba zake za mawe, na tukabishana dirisha lipi litakuwa letu.

Mwezi ulipotimia tuliomba viza, na jibu lake lilikuja kwanza. Alikataa kulifungua.

"Fungua, tafadhali," nilimwomba.

"La kwako likiwa hapana, sitaki kujua la kwangu."

Alikaa hivyo, simu ikiwa na maisha yake ndani, hadi la kwangu nalo likaja tukiwa sokoni. Tuliketi kwenye kibaraza cha duka la vitenge, tukafungua pamoja. Nilisoma neno moja, nikamtazama usoni ili nijue kama limeandikwa pia kwake. Alikuwa analia na kucheka, na mwenye duka anauliza tumefiwa au tumefanyaje.

Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa wakala wa tiketi, makapu ya nyanya mikononi. Kijana wa pale akageuza kioo cha kompyuta, akatuonyesha viti.

"Mkae pamoja au popote?"

"Pamoja!" tulisema wote wawili, kwa sauti iliyomshtua.

"Dirishani nani?"

"Mimi," nilisema haraka. Sijawahi kupanda ndege, na mwandishi lazima aone.

"Dirishani ni mimi," mke wangu alimwambia kijana, wala hakunitazama. "Huyu nitamhadithia."