Siku Tatu za Kupumzika

Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyejaribu kunifundisha kwamba dereva naye ana saa zake, nami sikumwelewa. Enzi zile za ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, kila mwenye kiinua mgongo Tukuyu alitaka awe na gari barabarani. Yeye alinunua lori chakavu la kampuni ya umma iliyokufa, akaniajiri nibebe ndizi kutoka Kyimo hadi Dar es Salaam. Kwenye kampuni ile, nilikofanya kazi kabla haijafa, tulikuwa madereva wawili kwa gari moja. Kwake nilikuwa peke yangu, na nilifurahi, maana sijawahi kupenda kiti cha abiria. Hata nyumbani nikikaa dakika kumi goti linaanza kucheza lenyewe, mke wangu ananiambia nitoke nje nisimtikisie meza.

Mwalimu alinipa daftari alilolipiga mistari kwa rula. Saa za kuendesha, zisizidi nane kwa siku. Saa za kupumzika. Kila baada ya saa nne, simama nusu saa.

"Lori likichoka linatoa moshi," aliniambia. "Wewe ukichoka utatoa nini?"

Nilicheka. Nilidhani amezoea kengele za shule. Hata hivyo daftari nililijaza kwa uaminifu, ila kwa hesabu yangu mwenyewe: injini ikiunguruma, naendesha, injini ikizimwa, napumzika. Kusimama kwenye mvua kutwa nzima nikisimamia mikungu ipangwe isipondeke, niliandika kupumzika. Kujilaza chini ya gari na spana mkononi, kupumzika vilevile.

Kisha baba mkwe akafariki, kule Lupepo. Kwetu mkwe wa kiume haketi msibani. Nilipasua kuni, nikachimba kaburi na wenzangu, nikachinja, nikateka maji, na usiku nikakesha na wanaume wengine kwenye moto, kwani nani anataka kuonwa akikoroma kwenye msiba wa mkwewe? Siku tatu. Siku ya nne asubuhi nilinawa uso, nikaenda Kyimo kulichukua lori, nikaandika kwenye daftari: kupumzika, siku tatu. Sikuona kama nadanganya. Gari lilikuwa limesimama siku zote hizo.

Mzigo wa safari ile ulikuwa wa dada yangu mkubwa, mfanyabiashara wa ndizi aliyesafiri nami mara nyingi. Mikungu ilikuwa imekatwa tangu juzi yake, na ndizi iliyokatwa haingoji matanga. Alipanda akaketi kando yangu, mtaji wake wote ukiwa nyuma yetu chini ya turubai.

"Utaweza?" aliniuliza.

"Nimepumzika siku tatu, dada."

"Wapi? Msibani?"

Niliwasha injini. Nilikuwa na hamu ya lami kama mtu mwenye kiu. Siku tatu za kutumwa huku na huku zilikuwa zimenikaba, nikataka kuona kitu kinarudi nyuma kwenye kioo.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, ukungu umekwisha kuinuka. Dada alizungumza, mimi nikaitika. Mara nikaona viroba vya viazi vimepangwa kando ya barabara, nikashangaa. Viazi vile ni vya Isongole, mbele ya Kiwira.

"Kwani Kiwira tumeshapita?" nikamwuliza.

Dada aligeuka mzima mzima akanitazama. "Tumepita. Umewapigia honi ng'ombe pale. Umenishukuru, ndaga, nilipokupa karanga."

Sikukumbuka ng'ombe. Nilitazama mapajani nikaona maganda ya karanga, nami nikaogopa.

Na bado nilitaka kuendelea. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa Uyole, mrefu, wenye kona, nami nilikuwa tayari kuushuka na tani saba mgongoni. Nilisogeza gari pembeni kwa sababu tu dada alikuwa ameshika mlango, tayari kuruka.

"Zima."

"Dada, ndizi zako..."

"Zima, mdogo wangu. Zikiiva nitauza mbivu."

Akachomoa ufunguo mwenyewe, akaufunga kwenye pindo la kanga, akashuka kutafuta jiwe la kuweka kwenye tairi. Nilimfuata nikifoka. Nilimwambia saa moja ya kuendesha haijatimia, kwamba kwa daftari la mwalimu bado nina saa saba halali. Nilizunguka lori mara mbili nikipiga tairi mateke.

"Sikio la kufa hilo," alisema, wala hakunitazama.

Nikaketi kwenye majani ili nibishane naye vizuri. Sikumbuki tulibishana nini.

Nilipoamka jua lilikuwa limeelemea magharibi. Kanga ya pili ya dada ilikuwa juu yangu, na yeye ameketi palepale, miguu kaikunja, macho mekundu. Ndizi zile zilikuja kufika Dar zimeanza kugeuka rangi, akaziuza kwa hasara, na hakunilaumu hata siku moja. Ila siku ile aliniuliza jambo.

"Mdogo wangu, safari zote nilizokaa kando yako, na zile nilizompakata mwanangu, ngapi ulikuwa hivi?"

Angeniuliza dizeli, au pancha, ningemtajia safari kwa safari. Hili sikulijua, wala hapakuwa na wa kumwuliza, kwa sababu aliyepaswa kuhesabu alikuwa amelala.