Nyoka wa Mume Wangu

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mume wangu alirudi kutoka kazini Ras Kitau, kisiwani Manda, amebeba ndoo nyeupe ya rangi, kifuniko chake kimetobolewa matundu kwa msumari. Alikuwa fundi wa majenereta na mashua katika hoteli ndogo ng'ambo ile, na nilikwisha kuzoea kuletewa vitu vilivyoachwa na wageni: vitabu, kofia, mafuta ya jua. Siku hiyo aliniita chini, kwenye stoo ya zana zake, akafunga mlango, kisha akanishika mkono na kuniambia nisipige kelele.

Ndani ya ndoo mlikuwa na nyoka.

Sikupiga kelele, lakini mgongo wangu uligusa mlango kabla sijajua kwamba nimerudi nyuma. Mume wangu alichuchumaa akamwinua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anyanyuaye mtoto aliyelala. Nyoka alikuwa mwembamba, rangi ya chungwa lililoiva, na mabaka mekundu ya kutu yaliyozungushiwa wino mweusi. Tumboni alikuwa na miraba myeupe na myeusi kama ubao wa drafti.

"Anaitwa nyoka wa mahindi," akasema. "Kwao Marekani hukaa kwenye maghala akila panya. Hana sumu. Meneja wetu anarudi kwao moja kwa moja, hawezi kwenda naye."

"Na kibali? Mnyama kama huyu hafugwi hivi hivi."

"Kiko. Ameshakiandika kwa jina langu."

"Na Mama?"

Tulikuwa tukiishi kwa mamake, ghorofani, katika nyumba ya mawe ya ukoo wao. Alinitazama akatabasamu. "Usimwambie kwanza. Nitamwambia mwenyewe, nikimwona yuko vizuri."

Meneja alikuwa ameacha karatasi mbili za maelezo kwa mkono wake. Kiingereza cha mume wangu kilikuwa cha kuzungumza na wageni. Mimi nilimaliza sekondari kwetu Faza, basi nilikaa nikamwandikia yote kwa Kiswahili katika daftari. Siku saba za mwanzo asiguswe, aachwe aizoee nyumba. Asishikwe kutoka juu, maana mwewe humjia kutoka juu. Akisha kula asiguswe siku mbili, la sivyo atatapika. Awe na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Kifuniko kiwe na kufuli, kwa sababu popote kichwa chake kipitapo, na mwili utapita.

Nusu ya karatasi ya kwanza ilihusu taa ya kumpasha joto. Hapa Lamu shida yetu ilikuwa kinyume chake. Tuliliweka tangi lake la kioo penye ukuta wa ndani, ule mnene kuliko wote, na miezi ya kaskazi nilikuwa nikitandika kitambaa kibichi juu ya kifuniko. Maficho yake yalikuwa kifuu cha nazi na kipande cha mtungi uliovunjika. Chini nilimtandikia magazeti, kwa sababu karatasi ilionya kuhusu vumbi la mbao, na taka za randa za mafundi wa milango sikuziamini.

Kazi yangu ni kuchora hina na piko. Nina friji ndogo chumbani, na humo nagandisha hina niliyokwisha kuikoroga, ili bibi harusi akija asisubiri. Siku ile ya kwanza mume wangu alichukua mfuko wa panya waliogandishwa, aliopewa na meneja, akautia mle. Niliuona baada ya saa moja hivi. Niliutoa, nikaiosha friji kwa maji moto na sabuni mara mbili, na hina yote iliyokuwamo nikaimwaga. Nilimwambia kwamba akitaka nyoka atafute pa kuweka chakula cha nyoka. Aliomba msamaha, na kesho yake akaleta kifriji kibovu cha hoteli, akakitengeneza, akakiweka stoo.

Siku ya nane nilimshika nyoka. Mume wangu alisimama nyuma yangu akinielekeza. Nilitarajia utelezi na ubaridi wa samaki, kumbe alikuwa mkavu, laini kama mkoba wa ngozi uliotumika sana. Alizunguka vidole vyangu, akapanda kifundo cha mkono, akatulia hapo ulimi ukiingia na kutoka. Niliposhusha pumzi, mume wangu alicheka kwa furaha. Nadhani sijapata kumpenda kuliko nilivyompenda saa ile.

Hatukumpa jina. Tulimwita Mwenyewe, ili tuweze kumzungumzia mezani. "Mwenyewe amekula?" mume wangu angeuliza, na mamake angedhani twasema habari za jirani fulani.

Polepole nyoka akawa wangu kwa kazi, ingawa si kwa asili. Mume wangu aliondoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi ndiye niliyebadilisha maji na magazeti, niliyeyeyusha panya katika kikopo cha maji moto kila baada ya siku saba. Macho ya nyoka yalipogeuka samawati yenye ukungu nilifikiri anapofuka, nikakimbilia daftari langu mwenyewe: anataka kujivua gamba, mwacheni. Baada ya siku chache nililikuta gamba zima, halina mpasuko, hata vifuniko vya macho vimo. Nilikaa chini pale stoo nikalishika, na nilijiona kama niliyefaulu mtihani.

Kila wiki nilimuuliza mume wangu, "Mama umemwambia?" Kila wiki alikuwa na jibu. Mama ana homa. Mama ana wageni. Mama anajiandaa kwa maulidi.

Maulidi ndiyo yaliyotufichua. Mume wangu aliingia stoo asubuhi kuchukua spana, akatoka haraka, akasahau kufunga kufuli la mlango. Mamake aliingia kutafuta sufuria kubwa. Nilikuwa ghorofani. Sikusikia kitu, hata mlango. Niliposhuka nilimkuta ameketi ukumbini, mikono magotini, binti yake yuko pembeni yake, na mtu keshatumwa kumwita mume wangu Ras Kitau. Sikuamkiwa wala kuitikiwa. Nilisimama pale karibu saa nzima, mpaka alipofika.

"Stoo mna nyoka," mavyaa wangu akamwambia mwanawe, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Ni wa nani?"

Mume wangu alikuwa bado amesimama. Alitazama makubadhi yake.

"Ni wake," akasema. "Nilimkataza, hakusikia."

Nilingoja acheke. Nilidhani ni njia yake ya kuanza, kwamba atatia mzaha kwanza kisha aseme kweli. Wifi yangu akaniuliza, "Na anakula nini?" Kabla sijafungua mdomo mume wangu akajibu kwa niaba yangu. "Panya. Aliwaweka kwenye friji ya hina."

Mpaka leo watu huniuliza kwa nini sikusema. Nililelewa kwamba mke hamkanushi mume mbele ya mamake. Lakini pia nilikuwa nikimtazama, nikingoja anitazame, na yeye hakuinua macho.

Mavyaa alinigeukia. "Mimi kukutia nyumbani kwangu, wewe kunitilia nyoka? Sasa watu tuwatazame kwa mato gani? Nisikize. Nyoka wa nyumbani huonywa siku tatu. Siku tatu zikisha, atoke nde, na asirudi."

Usiku kucha sikumsemesha mume wangu. Asubuhi alipoona sitaki hata chai alianza mwenyewe.

"Ningesema ni wangu, Mama angevunjika moyo. Mimi ni mwanawe. Wewe utasamehewa upesi."

"Na friji?"

"Ilinitoka tu."

"Wewe ndiye uliyewaweka. Na walikaa saa moja tu."

"Najua."

Alisema kwamba atampeleka nyoka kwenye kituo kimoja upande wa Malindi wanakofuga nyoka, na kwamba huko atakaa vizuri kuliko kwetu. Hilo lilinipoza kidogo. Siku ya tatu nilimwandalia ndoo ile ile, nikatia kitambaa chenye harufu ya tangi lake, nikaandika kwa Kiingereza siku aliyokula mara ya mwisho. Mume wangu aliondoka naye mapema. Kesho yake alirudi, akaniambia wamempokea vizuri, wakamsifu alivyotunzwa.

Habari ya friji ilifika mtaani kabla ya nyoka kutoka. Bibi harusi wa kwanza alisema amepata mchoraji mwingine. Wa pili hakusema kitu, hakuja tu. Mama mmoja niliyemchora harusi yake mwenyewe, na baadaye ya dada yake, alinipita ndiani amefunika pua na ukaya. Katika karamu nilipompa mtu sahani aliipokea, akaiweka chini, hakuila. Neno lilikuwa kwamba nafuga jini, na kwamba mkono wangu unamchora mtu kwa mafuta ya nyoka. Mume wangu aliyasikia yote hayo. Jioni alikuwa akiniambia, "Yatapita."

Miezi miwili baadaye alinijia mpishi mwanamke wa hoteli anakofanya kazi mume wangu. Alitaka hina ya kuendea harusi, na yeye si mtu wa kuogopa maneno. Nilipokuwa nikimchora kiganja akasema, "Yule nyoka wenu alitutia hofu. Mumeo alimwachia nyuma ya matangi ya maji, stoo ya mchele hatukuingia siku mbili."

Mstari ukavimba. Niliufuta, nikaendelea mpaka nikamaliza mikono yote miwili.

Kesho yake nilivuka Manda peke yangu, siku ambayo mume wangu alikuwa amekwenda Kiunga kutengeneza injini. Mpishi alinipeleka kwa mtunza bustani, mtu wa makamo aliyevua kofia nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya nini.

"Bi, ningejua ana mwenyewe nisingemgusa," akasema. "Siku ya pili nilimkuta njiani. Nyoka wote hukimbia. Huyu hakukimbia. Nilimpiga kwa jembe amekaa vile vile."

Alinionyesha alipomzika, chini ya mti wa mkilifi. Nilimwambia hana kosa, na kweli hakuwa nalo. Sisi ndio tuliomfundisha yule nyoka kwamba mtu akikaribia hapana haja ya kukimbia.

Mume wangu aliporudi nilimuuliza mara moja tu, na hakukataa. Kibali hakikuwapo. Hakikuwapo tangu siku ya kwanza. Aliogopa kwamba kituoni wataomba karatasi, wataita maafisa wa wanyamapori, na yeye atakamatwa. Alipofika gatini aliona heri avuke Manda kuliko kupanda basi la Malindi. Ile habari ya kusifiwa aliitunga usiku aliolala hotelini.

Nilifunga begi nikaenda kwetu Faza.

Babangu hakuniuliza mengi. Mume wangu alikuja baada ya wiki tano, na mfuko wa halua na kitenge. Babangu alimkaribisha barazani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki zawadi. Nataka amwambie mamake kweli, sasa hivi, nisikie.

Alipiga simu, akaiweka kwenye spika. Alisema yote, na kwa haki yake nasema hakupunguza: ndoo, kibali, friji, Manda. Mavyaa akasema:

"Nalijua. Wewe tangu mdogo wawatia mijusi kwenye makopo ya maziwa. Nani mwingine angetia nyoka nyumbani mwangu?"

Babangu aliinamisha kichwa. Nikasogea karibu na simu.

"Mama, kama ulijua, mbona hukusema?"

"Mwana," akanijibu, wala si kwa ukali, "yeye ni wangu. Wewe ni wa watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa kuombwa radhi, hata kwa kukanushwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliona tena ule ukumbi, na mimi nimesimama saa nzima mbele ya mtu aliyekuwa akijua jawabu kabla ya kuuliza.

Nilirudi Lamu, lakini si nyumbani kwa mavyaa. Nilimpa mume wangu sharti la kuhama, na alilikubali bila kubishana. Sasa tuna vyumba viwili upande wa Langoni. Mabibi harusi wameanza kurudi mmoja mmoja, wengi wao wageni wasiojua habari yangu. Mavyaa namwamkia kila Ijumaa, naye huniitikia vizuri. Nyoka mwingine sijafuga, ingawa nimekwisha kuuliza ofisini kibali hupatikana vipi, na nimejibiwa.

Na mume wangu ni mwema kwangu, hilo nalisema. Huniletea samaki, hunisaidia kukoroga hina. Wiki iliyopita nilipotaka kwenda kwetu aliniambia mashua ya Faza itaondoka saa saba. Nikamwambia asante. Kisha nikavaa buibui, nikateremka mpaka gatini, nikamuuliza nahodha mwenyewe ataondoka saa ngapi.