Siku Mashine Ilipozimika Tukivusha Jeneza

Jumamosi, mwezi wa tano, 1969. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika tulipokuwa tukipakia pale ufukweni Dunga, na ziwa likabaki la kijivu, limetulia.

Mzigo ulikuwa jeneza. Marehemu alikuwa fundi wa kushona, mkaaji wa Kaloleni, na kwao ni ng'ambo ya ghuba. Waliopanda boti yangu ni watatu: mjane wake, kaka yake mkubwa na shangazi yake mzee. Wengine walizunguka na basi. Mashine ya boti niliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine, lakini nilikuwa naijua, au nilidhani naijua.

Tulipoacha mafunjo nyuma ikaanza kupungua nguvu. Ikakohoa, ikazimika.

"Bwana," shangazi akasema, "hiyo chuma ulipewa ama ulirithi?"

"Nilinunua, Mama."

"Basi waliokuuzia walikucheka."

Tulicheka kidogo, hata mjane. Nikafungua plagi ya cheche, nikaipangusa, nikairudisha. Nikavuta kamba, ikawaka vizuri, ikaenda kitambo, ikalegea, ikazimika tena. Nikainua mashine nitazame propela, labda imeshika wavu. Haikushika kitu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwetu inajulikana kwamba chombo kinachobeba maiti kikikataa kwenda, marehemu ana neno. Sisemi ni uongo. Kaka mtu akaweka mkono juu ya jeneza. "Ndugu yangu, twende nyumbani. Kaburi liko tayari." Nikavuta kamba, ikawaka. Ikatusogeza, kisha ikafa katikati ya maji.

"Bado ana kitu," shangazi akasema, akamgeukia mjane. "Mama, kama kuna neno kati yenu, ongea naye. Usitulaze majini."

 Mjane akakaza kitambaa chake kichwani, akasogea karibu na zile mbao.

"Baba wa watoto, uliniomba nikurudishe kwa mama yako ufie huko. Ukaniomba tena. Nikawaambia watu wenu daktari amekataa. Hakukataa, ni mimi. Nilidhani utapona. Nisamehe, twende."

Kaka mtu akageuza uso akatazama maji. Mama yao alikuwa amemngoja mwanawe muda huo wote, akiamini ni daktari.

Mkono wangu wakati huo ulikuwa kwenye mfuniko wa tangi, nione kama petroli ingalipo. Nilipoulegeza, ukavuta hewa kwa nguvu, fsss. Ile skrubu ndogo ya juu, inayoingiza hewa ili petroli ishuke, ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Niliikaza mwenyewe asubuhi mvua isiingie. Ikifungwa hivyo, petroli inashuka kidogo tu halafu inakatika. Ukingoja, hewa inajipenyeza polepole na mashine inawaka tena. Wao walikuwa wakiongea na marehemu wakati huo wa kungoja. Plagi nayo ilikuwa chafu, hilo ni kweli, lakini haikuwa plagi.

Nilitaka kusema hapo hapo.  Badala yake nikalegeza skrubu, nikavuta kamba, na mashine ikatuvusha bila kukohoa. Shangazi alikuwa akipapasa jeneza, "Asante, mwanangu, asante." Mjane alikaa mbele peke yake.

Tulipofika nilimwita kaka mtu kando, nikamweleza yote, nikamwonyesha na skrubu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya.

"Kwa hivyo marehemu hakuwa na neno," nikamalizia.

"Skrubu ni yako," akasema. "Maneno ni ya shemeji yangu. Unataka nimwambie mama yangu hayakusemwa?"

"Asingeyasema kama si mimi."

"Asingeyasema," akakubali. "Lakini ameshayasema."

Mjane alikuwa amesimama karibu, amesikia. Nikamwambia pole. Akaitazama mashine, si mimi.

"Bwana, ungeangalia hapo kwanza."

Ni kweli. Kila mtu wa mashine huanza na skrubu hiyo, maana hakuna cha kung'oa wala spana ya kutafuta. Mimi nilianza na plagi kwa sababu plagi inaonekana kama kazi.

Wakabeba jeneza kupanda kwenye boma. Wanawake waliokuja kupokea walimzunguka shangazi wakilia naye. Mjane alifuata nyuma, na sikuona aliyemshika mkono. Labda baadaye alishikwa, sikukaa nione.

Nilirudi nyumbani Nyalenda jua likiwa bado lipo. Mke wangu akauliza mashine imeendaje, nikasema imeenda. Tulikula ugali kwa dagaa wa omena na mboga kidogo ya osuga.