Presha ya jicho imeshuka baada ya leza?

Kosa la wengi wetu ni kufurahia kipimo kizuri bila kuuliza kimepatikanaje.

Leo nimemchukua binti yangu Neema kutoka Makambako, alikopimwa presha ya macho. Tukikaribia Njombe akasema, "Baba, imeshuka kuliko kabla sijafanyiwa leza ya kuacha miwani."

Nikakosa raha. Presha ya macho iliyopanda ndiyo iliyompofusha mama yangu.

Mashine hupuliza hewa kuona kioo cha mbele cha jicho kinabonyea kiasi gani. Leza hukipunguza unene, kikabonyea upesi, na presha ikasomeka ndogo kuliko ilivyo.

"Ulimwambia daktari kuhusu leza?"

"Hakuniuliza. Na baba, usianze darasa."

Nimegeuza gari. Darasa limeendelea hadi Makambako.

Sasa anapimwa upya, nami kukaa siwezi.

Uliyefanyiwa leza, mpigie simu leo anayekupima macho umwambie.