Mbuzi wa Mama Henriette

Mbuzi alifika kabla ya wageni. Elise Numbi alikuwa anafagia mbele ya nyumba, Jumamosi asubuhi, aliposikia mlio nyuma ya ua. Akainua kichwa, akaona pembe mbili, kisha kamba, kisha mkono wa kaka yake Mukalay ulioshika kamba hiyo. Nyuma ya Mukalay alikuja mama yao, Mama Henriette, amejifunga kitambaa cheusi kichwani kama mtu anayekwenda msibani. Ufagio ukamtoka Numbi mkononi. Hakuhitaji kuambiwa neno.

Katika ukoo wao, binti akiolewa, mume huleta vitu vingi, na wajomba na baba wadogo hugawana mpaka wanagombana. Lakini mbuzi mmoja hagawanywi. Huyo ni wa mama peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba mtoto mgongoni, na mama akishamla, ndoa imefungwa. Siku mbuzi huyo, au mwingine badala yake, akirudishwa akiwa hai, na mume akapokea kamba, ndoa imekwisha. Hakuna hakimu wala karatasi. Numbi alikuwa amepiga vyeti vya ndoa kwa mashine ya kuandikia kwa miaka ishirini katika ofisi moja ya serikali pale Kolwezi, mji wa migodi, na alijua kuliko wote kwamba vyeti vyake vyote kwa pamoja havikuwa na uzito wa kamba ile.

Ilikuwa mwaka 1993. Mumewe, Kabeya, alikuwa fundi wa mashine za kuchimba katika mgodi wa Mashamba. Alizaliwa Kolwezi na kusoma pale pale, mtaa wa Dilala, na hakuwahi kuuona mkoa wa Kasai hata siku moja. Lakini babu yake aliletwa kutoka huko kufanya kazi migodini, na mwaka ule hilo lilitosha. Mikutanoni na redioni watu wa Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, na wadudu, kama kila mtu ajuavyo, hawafukuzwi kwa kubembelezwa. Wiki tatu kabla ya siku hiyo vijana walimzuia Kabeya njiani asifike kazini. Alirudi nyumbani na chakula chake hakijafunguliwa, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka jioni.

Tangu hapo Numbi alikuwa anaogopa. Siwezi kulisema kwa njia ya kupendeza zaidi. Aliogopa mlango ukigongwa, na usipogongwa aliogopa pia. Alikuwa amepeleka maji kituo cha treni kwa majirani wa Kasai waliofukuzwa mbele yao, akawaona maelfu wamelala chini ya vitambaa na mabati, wakingoja behewa wiki ya pili, ya tatu, watoto wanaharisha, na pembeni makaburi mafupi. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa zamu ya mtaa wao kupanda treni ya kurudishwa Kasai. Mizigo ilikwisha kufungwa.

Na kumbe huyu mwanamke zamani alikuwa na maneno! Ofisini, mambo yalipoanza, mwenzake Blandine alimwambia kwa Kiswahili cha pale Kolwezi, huku anapaka rangi kucha zake, "Elise, ndoa ni ya ukoo. Weye balikuazima tu kwa bale batu. Sasa ukoo banakuomba urudi."

"Ndoa ni ya batu babili benye balitia sinyatire ku karatasi," Numbi akajibu. "Mi njo nilipiga ile karatasi. Hakuna fasi ya ukoo pale."

Siku zile woga ulikuwa bado kwa jirani, haujaingia nyumbani kwake. Alifukua kabatini sheria ya zamani, ya miaka ya sitini, inayosema kwamba atakayechochea chuki ya kabila atafungwa. Akaipiga upya, safi, bila kosa hata moja, akampelekea mkuu wake. Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akafunga mlango.

"Mama Elise," akasema kwa sauti ya chini, "hii sheria iko muzuri kabisa. Lakini ni nani atakuya kuisoma kule mu barabara?" Akaitia katika droo ya meza, na huko ilibaki.

Wiki iliyofuata mkuu huyo huyo alimletea fomu ya kupiga: kutengana kwa hiari kwa mume na mke wasio wa asili moja. Kwa hiari! Numbi alizipiga nakala arobaini. Aliogopa kupoteza kazi, basi akazipiga, na mikono yake haikukosea herufi hata moja. Jambo hilo hakumwambia Kabeya.

Kuna kingine kilichomrudia mara kwa mara asubuhi ile alipokuwa anawatafutia wageni viti. Mwaka mmoja nyuma, kwenye klabu ya wafanyakazi, mtu fulani alileta kutoka Ulaya mchezo wa kuchomekwa kwenye televisheni. Ndege ndogo inapiga vidude vinavyoshuka kutoka juu, na kila kidude kikipasuka mashine inapiga filimbi. Vijana walijaa pale kila Jumamosi. Wazazi wakaitisha mkutano, na Numbi ndiye aliyeandika maneno ya mkutano. Saa mbili nzima watu wazima walibishana kama mchezo ule utawafundisha watoto kuua. Mmoja alitaka uchomwe moto. Mwingine alisema ni kitu cha maendeleo. Mwishowe wakaamua ufungwe siku za Jumapili. Na muda wote huo redio ilikuwa inasema kwenye meza ya vinywaji, inasema yale yale ya bilulu, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuiuliza redio inafundisha nini.

Wageni walikaa uani, na Kabeya akaketi mbele yao. Mama Henriette alikalia kiti chake nje, upande wa jikoni, uso ameugeuza, kwa sababu mama mkwe na mkwewe hawatazamani ovyo. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kutia tonge mdomoni nyumbani kwa Kabeya. Akija kutembea, alikula kwa jirani. Watoto watatu waliambiwa wabaki ndani.

Mukalay alisimama na kamba yake mkononi.

"Kabeya," akasema, "mi siko adui yako. Tumekula pamoja, tumecheka pamoja. Lakini kule kwetu Lubudi bale vijana banakuya kila siku ku mulango yangu. Banauliza, dada yako angali na ule mutu? Mi iko na bibi, iko na batoto. Banasema batachoma nyumba." Alisita, akameza mate. "Kesho mutaenda ku gari ya moshi. Kule batu banakufa. Elise atakufa juu ya nini? Yeye ni wa hapa. Batoto batabakia naye, tutabapa jina yetu. Mama amerudisha mbuzi yake. Pokea kamba, tumalize."

Numbi alimtazama kaka yake akaona jasho shingoni, na asubuhi ilikuwa bado baridi. Naye alikuwa anaogopa, maskini. Wote uani pale walikuwa wanaogopa, ukimtoa mbuzi.

Kabeya akasema, kama mtu anavyomwambia kaka mkubwa, "Yaya, uko sawa." Akainuka.

Na hapa lazima ukweli usemwe, kwa kuwa Numbi mwenyewe hakuuficha baadaye. Kabeya alipoinuka, moyo wa Numbi ulitua. Ulitua kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani. Hatakwenda kituoni. Hatalala chini ya bati. Watoto watakula, watalala kitandani. Kitu kile kilimpendeza, na papo hapo alijiogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa vijana wa barabarani.

Kabeya akanyoosha mkono. Sauti yake ilikuwa imetulia, lakini mkono ule ule ulioshika spana nzito za mashine miaka kumi na tano bila kuyumba ulipapasa hewani, ukaikosa kamba. Numbi akaelewa kwamba mumewe hakukubali kwa sababu amemchoka. Alikubali ili yeye apone. Alikuwa anajitengenezea upweke wake mwenyewe, na alitaka kumaliza haraka kabla nguvu hazijamwishia.

"Ngoja," Numbi akasema.

Akapita kati yao, akaikamata kamba kabla ya mumewe.

"Yaya, hii mbuzi si ya Kabeya. Kabeya alishaitoa zamani. Ni ya mama."

"Mama njo amerudisha!"

"Mama hajasema neno. Ni weye unasema." Akageuka kwa Kabeya, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. "Na weye pia, unanitoa mu nyumba yangu bila kuniuliza? Bale benye kuuliza ku mulango bakisema baba yenu ni nani, batoto batajibu nini?"

Hakungoja jibu. Alimvuta mbuzi mpaka nyuma ya jiko, akachukua kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kuchinja mbuzi, na ilionekana. Kisu kilikuwa butu, mbuzi alikuwa na nguvu, na kazi ambayo mwanamume huimaliza mara moja yeye aliifanya vibaya, kwa kulia na kuomba msamaha, hata nguo yote ikalowa damu. Mukalay alifunga macho. Mama Henriette aliendelea kutazama ukuta.

Nyama ilikuwa jikoni, bado haijaiva, waliposikia nyimbo barabarani. Kundi la vijana lilikuwa linashuka na fimbo na mabango, filimbi mbele. Wakasimama kwenye ua. Moshi na harufu ya nyama, mwaka ule wa njaa, ni vitu visivyofichika. Numbi alimtambua mwenye filimbi. Alikuwa yule ambaye kwenye klabu hakuna aliyeweza kumshinda katika mchezo wa ndege. Alikuwa akimsalimia kwa adabu, mama Elise, jambo mama.

"Kuko feti gani hapa, munakula nini?" yule kijana akapaza sauti. "Ule mutu angali ndani?"

Kabeya alikuwa amesimama mlangoni, mtu yeyote angeweza kumwona. Ndani, mtoto mmoja alianza kulia, na mwingine akamziba mdomo.

Mukalay ndiye aliyewaendea. Alitembea polepole, mikono nyuma, na kutoka nyuma Numbi aliona vidole vyake vinaminyana. Akawasemesha kwanza kwa Kiluba cha kwao, kisha kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Batoto, mi ni kaka yake. Nimetoka Lubudi kurudisha mbuzi ya mama. Leo njo tunamaliza hii ndoa. Mutuachie tukule kwa amani."

Kijana akamwangalia, akaangalia damu kwenye nguo ya Numbi, akacheka, akamjibu kama mtoto anayemjibu baba yake. "Vizuri, tata. Kesho tutapita kuona kama ule mutu ametoka." Filimbi ikalia. Wakaenda zao wakiimba, na wimbo wao ulichukua muda mrefu kuisha masikioni.

Mukalay alirudi akaketi chini, chini kabisa, kwenye udongo. "Nimesema bongo, nimebadanganya," akanong'ona. "Ama si bongo. Sijui tena."

Adhuhuri Numbi alipakua. Alikuwa amesonga bukari, yaani ugali, kwa unga wa mwisho uliokuwa umefungwa kwa safari. Akaiweka nyama ya mgongo katika sahani yake ya harusi, akaipeleka pale kwenye kiti cha upande wa jikoni, akapiga magoti.

"Mama, hii ni yako. Ulishaikula mara moja, na mi nikaolewa. Ukiikataa sasa, niko huru, nitabakia. Ukikula, mi ni bibi ya Kabeya, na kesho nitaenda naye. Mi siwezi kuchagua peke yangu. Naogopa sana, mama. Naogopa ile gari, naogopa kule. Unisaidie."

Mama Henriette alitazama sahani. Alikuwa na binti mmoja tu. Alikuwa amesafiri siku nzima juu ya lori ili amrudishe binti huyo nyumbani, na binti alikuwa hapo, amepiga magoti, na kilichotakiwa ni kuisukuma sahani kando kwa kidole kimoja.

Kabeya, alipoona mama mkwe yuko karibu kula, alianza kuondoka kwa heshima kwenda nyuma ya nyumba, kama desturi inavyotaka.

"Kabeya," Mama Henriette akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Usiende. Ukae pale, unione."

Akanawa mikono. Akamega bukari, akachovya, akachukua kipande cha nyama, akakitia mdomoni. Nyama ilikuwa ngumu. Alitafuna muda mrefu, machozi yanashuka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa na chakula na wa kushoto ulikuwa umeshika bega la binti yake. Akachukua kipande cha pili. Kabeya alisimama pale pale alipoambiwa, kichwa ameinamisha, mabega yanamruka.

"Umeweka chumvi kidogo," mama akasema.

"Ni ile ilibakia, mama. Ingine iko mu mizigo."

Mukalay aliinuka udongoni. Akanawa, akaja akaketi kando ya mama yake, akala naye. Kisha watoto wakaitwa, wakala kwa pupa, kwa maana nyama walikuwa wameisahau.

Sahani ilipokwisha, Mama Henriette alinawa tena. Aliiokota kamba ya mbuzi iliyokuwa imetupwa kwenye majivu, akaipangusa kwa kitenge chake, akaenda kwenye mizigo na kuanza kulifunga upya kwa kamba hiyo furushi la blanketi lililokuwa limelegea. Alifunga mafundo mawili, akalivuta kuona kama limekaza.

"Mutoto yangu," akauliza bila kugeuka, "ile gari inaondokaka saa ngapi?"

Hakuna aliyejua. Redio, iliyojua kila kitu juu yao, hilo ilikuwa haijalisema.