Mabano ya Nakhisa

Rosalba ndiye aliyeleta habari kwamba Nakhisa wa chumba cha nne ni jasusi. Alikuja nayo asubuhi, nikiwa naanika nepi za mwanangu Oola, na ushahidi alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso. Ilikuwa karatasi iliyotoka dirishani kwa Nakhisa ikapeperuka hadi kwenye kamba yake ya nguo. Imejaa mabano. Yanayofungua, yanayofunga, mengine sita yamefuatana mwisho wa mstari kama kucha zilizokatwa, na katikati yake vineno visivyosomeka.

Rosalba ni mke wa polisi. Alikaa kambini miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia hapa Kisugu, Kampala, na akisema kitu ni siri ya serikali, ua mzima humwachia.

"Mtu haendi ofisi, haendi soko, anaongea na simu Kiswahili cha Kenya siku nzima," alisema. "Sasa hii ni nini kama si lugha ya majasusi?"

Nilimwomba karatasi nikairudishe mwenyewe. Akanipa, ila akanionya nisiingie ndani.

Nakhisa ni mtu wa Bungoma. Alikuja Kampala kufanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi fulani, ofisi ikafungwa, naye akabaki akifanyia kazi zake chumbani. Ni mpole, viatu vyake huviacha mlangoni vikitazama nje. Oola alipopata homa mwezi wa pili alinichotea maji siku mbili bila kuombwa, na hakulitaja jambo hilo tena.

Nilipomrudishia karatasi nikamweleza kwamba yeye ni jasusi, alicheka, halafu cheko likakatika katikati. Ndipo nikaona macho yamevimba. Nikamleta kwangu, nikamkalisha kwenye mkeka kando ya sigiri, maana viazi vitamu vilikuwa karibu kuiva, na yeye mwenyewe akaanza kusema.

Huko kaskazini kuna zahanati ya watawa. Kwa miaka mitatu Nakhisa ameiandikia programu ya kutunza kadi za chanjo za watoto, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Scheme, ambayo mabano ndiyo mifupa yake. Kadi zinakaa kwenye kitu kama ghala: unatoa namba, unaletewa kadi. Ghala lenyewe limejengwa na watu wengine wa mbali, tena halijui lugha ya Scheme, kwa hiyo Nakhisa alijenga daraja katikati yao. Daraja hilo ndilo fahari yake. Wapo watu hajawahi kuwaona, nchi nyingine, wanaolitumia.

Sasa kompyuta ya zahanati ilikufa, ikaja mpya, na ghala likaja toleo jipya. Nakhisa akalirekebisha daraja lifuate toleo hilo, akajaribu, mambo yakapita. Kisha Erinayo, muuguzi anayeshughulikia kadi, akapiga simu. Ameita namba ya mtoto mmoja, ikaja kadi ya mwingine. Si kila mara, ila hapa na pale.

"Lingekosea daima ningelikamata," Nakhisa alisema. "Linakosea kama mtu anayesinzia."

Chanjo ilikuwa Jumatatu. Watawa walikuwa wamesema kama hadi Jumamosi haijawa sawa, programu inawekwa kando na wanarudia maboksi ya karatasi, ambayo nusu yake mchwa walishakula. Nilimwangalia Oola aliyelala. Niliwaza mama ametembea na mtoto mgongoni tangu alfajiri, anafika, anaambiwa huyu wako alishachomwa sindano.

Mimi niliishia darasa la sita. Lakini kabla ya kuolewa nilifanya kazi soko la Owino, kwenye stoo ya shangazi Ajok, ambako wauza nguo huacha mafurushi yao jioni. Kila furushi lina kibao cha namba, na mwenyewe anaondoka na kibao kinachofanana nacho. Shangazi alikuwa na kanuni moja. Ukifunguliwa mlango ukaoneshwa furushi lako, libebe hapo hapo, kwa sababu akishafunga anapanga upya. Wako waliochungulia tu, wakaona lao liko chini ya dirisha, wakaenda kunywa chai kisha wakamtuma mchukuzi alete lililo chini ya dirisha. Mwenye suruali za wanaume akajikuta ameletewa sidiria. Siku nyingine, kukiwa hakujaletwa mizigo mipya, lilikuwa bado pale pale, na waliolikuta ndio waliozoea vibaya.

Nilimsimulia haya ili acheke, basi. Halafu nikauliza jambo lililonijia.

"Dada Nakhisa, hilo daraja lako, linabeba kadi au linakumbuka tu mahali lilipoiona?"

Alikuwa ameshika kipande cha kiazi. Akakirudisha kwenye sahani.

"Linakumbuka mahali," alisema polepole. "Nafunga mlango kwanza, ndipo naenda kusoma."

Akaeleza haraka haraka, sijui kama alikuwa anasema na mimi. Ghala la zamani lilichelewa kupanga upya, kwa hiyo kosa la daraja lilikuwa limejificha miaka yote mitatu. Jipya linapanga mara tu mlango ukifungwa. Akaondoka peku, akaviacha viatu kando ya mkeka wangu.

Jumamosi saa nne alitoka na kompyuta, akaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka simu wazi tusikie. Daraja sasa lilikuwa linanakili kadi nzima kabla ya kufunga. Huko kaskazini Erinayo alianza kuita namba, anasoma jina kwenye skrini, mtawa anahakikisha kwenye karatasi ambazo mchwa hawakuzila. Ni sawa. Ni sawa. Rosalba alikuja na karai la nguo akijifanya anatafuta vibanio. Walipofika hamsini alikuwa ameketi juu ya karai. Walipofika mia mbili bila kosa hata moja, tulisikia watawa wakipiga vigelegele, na Rosalba akawajibu kwa kigelegele kirefu kuliko chao.

"Jasusi wetu huyo," aliwaambia waliochungulia kutoka vyumbani. "Mimi nilijua siku nyingi huyu si mtu wa kawaida."

Nakhisa alicheka mpaka akafuta machozi, na safari hii cheko halikukatika. Watu walipotawanyika alinifuata kwenye kamba ya nepi, mkononi ana ile karatasi ya mabano, amegeuza upande mweupe, na kalamu.

"Mama Oola," alisema, "juu ya programu zetu huwa tunaacha maneno machache kwa atakayekuja nyuma, asirudie kosa. Naomba uniandikie kanuni ya shangazi. Usiipambe, iweke kama ulivyoniambia kwenye sigiri. Na chini yake jina lako lote."