Alama za Uongo kwenye Daftari la Bibi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu, na kwa tahajia, hasa penye herufi h, maana huwa naitia pasipostahili na kuiacha inapotakiwa. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo, na huandika polepole sana. Nivumilieni, kwa sababu habari yenyewe inahusu makosa ya kuandika, na kosa kubwa kuliko yote lilikuwa langu.

Wazee wa mtaa wetu hapa Morogoro husema kwamba kabla ya Wajerumani na reli yao, upande huu palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe, na kwamba kuna wakati aliyeutawala alikuwa mwanamke. Ukuta haupo tena. Nadhani mawe mengine yamo kwenye misingi ya nyumba zetu. Baba yangu ni mtu wa kuja, alitoka Singida kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na utawala wa machifu ulipofutwa mimi nilikuwa mdogo. Kwa hiyo nilikua nikidhani habari ya watawala imekwisha kama huo ukuta.

Kisha kikaja kisomo. Tawi la chama lilitaka vijana waliomaliza shule wawafundishe watu wazima kusoma na kuandika, na balozi wetu wa nyumba kumi akaandika jina langu bila kuniuliza. Mimi ni mtu wa haya. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Nikapewa chaki, kalamu nyekundu na wanafunzi kumi na wanne, Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, katika ofisi ya tawi. Wengi walikuwa akina mama. Mwanamume alikuwa mmoja tu, mzee mpagazi wa sokoni, naye alikuja siku anazopenda.

Miongoni mwa akina mama alikuwamo bibi mmoja mwembamba, mfupi, anayekaa wima kuliko wote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaona yamekwisha. Lakini wenzake walichuchumaa, wakapiga makofi mawili ya taratibu, ndipo wakamwamkia. Nikaambiwa huyo ni wa ukoo wa wale watawala. Katibu wa tawi alipopata habari alikuja darasani kutukumbusha kwamba siku hizi sote ni ndugu, hakuna bwana wala mtwana. Walimsikiliza vizuri. Alipokuwa akitoka akampita bibi mlangoni, nami nikaona mikono yake mwenyewe inakutana, pa, pa, taratibu.

Hakuna aliyekubali kwenda ubaoni kabla ya bibi. Akisoma vibaya hawakucheka, walipiga makofi. Na bibi alikuwa anageuza herufi mbili: b aliiandika d, na d aliiandika b. Nilipoandika ubaoni "baba analima", daftarini mwake ilitoka "dada analima". Siku ya kwanza nilishika kalamu nyekundu nikaona macho yote yananitazama. Nikatia alama ya vema. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Miezi mitatu ikapita, na daftari lake likawa zuri kuliko yote, limejaa vema tupu.

Alhamisi moja alibaki wenzake walipoondoka. Akanieleza kwa nini anajifunza. Ukoo wao una majina ya watawala wote, tangu wa kwanza, kwa mpangilio. Hayatamkwi ovyo. Hutamkwa kwenye tambiko, na mama humfundisha binti yake akishakuwa mtu mzima. Yeye alimfundisha wake, na binti huyo akafariki, akaacha mtoto mmoja wa kike ambaye sasa analelewa Kinole kwa ndugu zao, ana miaka minne.

"Mimi sitamfikia akiwa mtu mzima," alisema. "Kutamka nimekatazwa. Kuandika hakuna aliyenikataza, maana walionikataza hawakujua kuandika."

Kumwandikia mimi haikuwezekana, kwa sababu ningeyasikia. Ilibidi ayaandike mwenyewe.

"Sasa niambie, mwalimu. Huyo mtoto akija kuyasoma nami sipo, atayatamka kama ninavyoyatamka mimi?"

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Nilirudi nyumbani nikijua nimemdanganya. Nilimweleza mama mwenye nyumba wetu, Mluguru wa milimani. Akasema ni kweli, mtu wa ukoo ule hasahihishwi na yeyote mbele za watu, isipokuwa mtani wake. Ukoo wa mtani unaweza kumwambia lolote, hata msibani, na hana ruhusa ya kukasirika. Nikamuuliza mtani wake ni nani.

"Si yule mpagazi wako mtoro?"

Jumamosi nilimfuata sokoni, nikamkuta anashusha matenga ya machungwa. Alinisikiliza hadi mwisho akijifuta jasho. Akaniuliza kalamu nyekundu nilipewa ya kazi gani.

Jumanne alikuja mapema, akakaa karibu na bibi, akalichukua daftari lake bila kuomba. Akina mama wakashika vinywa. Akasoma kwa sauti, kidole kikipita chini ya maneno.

"Dada analima. Ubaoni mwalimu aliandika baba. Wewe mwanamke, baba yako umemgeuza dada yako? Kumbe ndivyo mlivyopata mtawala wa kike. Mtu aliandika baba, ikatoka dada, mkaona aibu kufuta."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, na wengine wote wakaruhusiwa kucheka. Lakini mtani hakucheka. Alinielekezea kidole akasema, huyu mwalimu wako anakuogopa.

Bibi akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi. Hizo vema ni za uongo. Zote."

Alilichukua daftari mkononi mwa mtani. "Basi miezi yote hii nilikuwa shuleni peke yangu," akasema, akanisukumia. "Anza ukurasa wa kwanza."

Nilisahihisha mbele yake, ukurasa kwa ukurasa. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akavumbua dawa: b ana mimba, tumbo liko mbele, d amebeba mgongoni. Toka siku hiyo darasa zima likawa linaandika kwa kunong'ona, mimba, mgongo, mimba, mgongo. Bibi alianza kutumwa ubaoni kwa zamu kama wengine. Makofi hawakuyaacha, ila sasa aliyapata akipatia.

Mwezi uliopita aliniita nyumbani kwake. Kwenye meza palikuwa na daftari jipya, na juu yake kipande cha boksi alichokitoboa tundu la herufi moja. Alifunika ukurasa, akaweka tundu hapa, kisha kule, juu, chini, bila mpangilio, na kila mara akaniuliza, "Hii?" Nikajibu, n. Hii? Nikajibu, o. Tulifanya hivyo tangu adhuhuri hadi alasiri. Nadhani nilipitia majina yote, na silijui hata moja.

Mara moja tu nilisema d, naye akachungulia chini ya boksi, akafuta kwa kifutio, akaandika tena, akarudisha tundu.

"Na sasa?"

"b, bibi."

"Hapo ningemwachia mtoto mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa," alisema.

Daftari limeshapelekwa Kinole, limefungwa kwenye kitambaa. Bibi bado anakuja darasani, anasema sasa anataka hesabu.

Ninachowaomba mnaosoma ni kuniandikia. Nielezeni kwenu majina ya namna hiyo yanatunzwaje, na nani anafundishwa, na kama kuna mwingine aliyepata njia ya kuyaandika. Majina yenyewe msiniandikie.